Vipimo vitano vyatabiri madhara baada ya upasuaji wa kuchepusha damu ya ini

MTU akitapika damu katika kijiji cha Lulindi, wilayani Masasi, jamaa zake huweza kudhani ana vidonda vya tumbo, au amerogwa. Lakini wakati mwingine chanzo chake ni ini lililosinyaa na kujaa makovu, ugonjwa ambao madaktari huuita sirosisi. Virusi vya homa ya ini aina ya B na unywaji wa pombe kali kama gongo ni miongoni mwa visababishi vyake.

Makovu hayo huizuia damu itokayo matumboni isipite kwenye ini. Kama maji ya mto uliozibwa, damu hurudi nyuma, na mishipa ya umio huvimba hata kupasuka. Dawa za kupunguza msukumo na kuifunga mishipa kwa mpira hutangulia. Zikishindwa, hospitali kubwa zenye wataalamu huweza kutengeneza mchepuo, yaani njia ya kuipitisha damu bila kuchujwa na ini.

Nafuu hiyo ina gharama. Mwaka 1893, Ivan Pavlov na wenzake nchini Urusi walieleza habari za mbwa waliofanyiwa mchepuo: walipolishwa nyama walipepesuka, wakawa wakali, na wengine wakazimia. Kwa binadamu, damu isiyochujwa hufikisha amonia kwenye ubongo na kumchanganya mgonjwa. Aidha, katika wiki za mwanzo ini huweza kushindwa kazi, moyo ukaelemewa, au damu ikavuja tena.

Je, nani yumo hatarini zaidi? Kipimo cha Child-Pugh, kilichochapishwa Uingereza mwaka 1973, hutazama mambo matano: bilirubini, albumini, muda wa damu kuganda, maji tumboni na kuchanganyikiwa. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 3. Mwenye jumla ya 5 au 6 ana matumaini makubwa. Mwenye 10 hadi 15 ini lake limedhoofu sana.

Mwaka 2000, watafiti wa Kliniki ya Mayo, Marekani, walibuni kipimo kingine, MELD, mahususi kwa wagonjwa wa mchepuo. Hicho huongeza kreatinini, inayoonyesha hali ya figo. Umri mkubwa, misuli iliyokonda na historia ya kuchanganyikiwa navyo ni dalili mbaya.

Lulindi si ngeni kwa upasuaji. Dk. Leader Stirling, aliyekuwa Waziri wa Afya kuanzia mwaka 1975, alifika huko mwaka 1935 akiwa daktari wa misheni. Mchepuo, hata hivyo, huhitaji safari ndefu. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Ndiyo maana taarifa za nyumbani zina thamani. Kati ya vipimo vile vitano, viwili huanza kwa macho na mikono: tumbo kujaa maji na akili kuvurugika. Jamaa waeleze kama mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, na mganga aandike hayo katika barua ya rufaa.

Akirejea nyumbani, kufunga choo au kuropoka kusipuuzwe. Arudishwe hospitali mara moja.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawana budi kupima.