Mtoto Anayesomea Nyumbani Anahitaji Jicho la Pili

Tarehe 4 Januari 2021 kengele zililia tena katika shule za Busia upande wa Kenya. Ng'ambo ya lango la forodha, katika Busia ya Uganda, madarasa machache yaliitwa kwa awamu, yakafungwa tena Juni mwaka huohuo, na shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko Uganda wakati wa korona. Pale Sofia, mtaa wa Busia ulio mpakani kabisa, ambapo nyumba ya Mganda na nyumba ya Mkenya zinakaribia kugusana kuta, watoto waliozoea kucheza pamoja walijikuta mmoja amevaa sare na mwenzake amebaki uani.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa kusomesha watoto nyumbani huendeshwa zaidi kwa mifano ya Marekani na Uingereza, ilhali sisi wa mpakani tuna mfano wetu wenyewe, tena mkubwa. Siupingi uamuzi wa mzazi anayemfundisha mwanawe nyumbani kwa dhati. Wapo wanaofanya hivyo kwa vitabu, kwa ratiba na kwa subira ambayo mwalimu mwenye watoto mia darasani hawezi kuipata. Ninachosema ni kwamba masomo ya nyumbani humgeuka mtoto pale ambapo hakuna mtu mzima mwingine, asiye wa nyumba ile, anayemwona mara kwa mara na kujua amejifunza nini.

Serikali ya Uganda haikukaa bure wakati ule. Vijitabu vya kujisomea nyumbani vilichapishwa na kusambazwa, na masomo yakarushwa redioni na kwenye televisheni. Lakini utafiti wa shirika la Uwezo wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa sehemu ya watoto wasioweza kusoma hata herufi ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu ikilinganishwa na 2018. Mamlaka ya Taifa ya Mipango nayo ilikadiria kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi darasani kabisa. UNICEF iliripoti ongezeko la asilimia 22.5 la mimba miongoni mwa wasichana na wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 24 waliofika kliniki kati ya Machi 2020 na Juni 2021. Katika wilaya ya Busia kulikuwa na machimbo ya dhahabu, Tiira na vijiji vya jirani, ambako mtoto asiye na shule hupata kazi upesi: kubeba udongo, kuusafisha, kushika zebaki kwa mikono mitupu. Kulikuwa pia na njia za panya, ambako kijana mwepesi wa miguu hupewa mzigo avushe.

Mtu atasema hayo hayakuwa masomo ya nyumbani, yalikuwa janga. Ni kweli kwa nusu. Mzazi aliyechagua kufundisha hujiandaa, na mzazi wa 2020 alishtukizwa. Lakini janga lile lilitupima kwa kiwango ambacho hakuna mtafiti angeruhusiwa kukipanga. Lilituonyesha kile ambacho familia ya kawaida ya mpakani inaweza kumpa mtoto ikiachiwa kazi yote peke yake. Mama anatoka alfajiri kwenda sokoni, baba yuko kwenye pikipiki au kwenye lori lililokwama kwenye foleni ya Malaba, na bibi anayebaki na wajukuu hakufika darasa la nne. Upendo upo tele katika nyumba hiyo. Saa za kufundisha ndizo hazipo.

Tena kuna somo la zamani zaidi, lililofanyika papa hapa. Katikati ya miaka ya 1990, shule 25 za Busia na Teso upande wa Kenya zilipewa vitabu vya kiada, na watafiti, mmoja wao Michael Kremer, wakafuatilia matokeo wakilinganisha na shule ambazo hazikupewa. Kila mtu alitarajia alama zipande. Kwa mwanafunzi wa kawaida hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani. Maelezo ya watafiti ni rahisi kuyaelewa kwa mtu wa huku: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya Kisamia au Kiteso na Kiswahili. Mtoto alishika kitabu ambacho hakuweza kukisoma.

Nikiona mzazi wa Tororo, Uganda, anayenunua seti ya vitabu vya kigeni akaamini kuwa shule imehamia sebuleni, huwaza vitabu vile vya Busia. Kitabu hakimfundishi mtoto asiye na mtu wa kumfafanulia. Kama mzazi mwenyewe anajikokota katika lugha ya kitabu, mtoto ananakili sentensi safi kwenye daftari bila kuzielewa, na daftari lililojaa humfariji kila mtu nyumbani. Hatari hii haionekani mapema. Huonekana mtoto akiwa na miaka kumi na miwili, anapotafutiwa kituo cha kufanyia mtihani wa kumaliza msingi, na mwalimu mkuu anamwomba asome aya moja kwa sauti.

Utafiti mwingine wa Busia unagusa jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii wanapomtoa mtoto shuleni. Kuanzia 1998, wanafunzi wa shule 75 za Busia ya Kenya, katika maeneo ya kuelekea Ziwa Viktoria, walipewa dawa za minyoo na kichocho kwa zamu. Edward Miguel na Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004: utoro ulipungua kwa takriban robo. Walipofuatiliwa miaka ishirini baadaye, waliotibiwa mapema walikuwa na kipato cha juu zaidi kwa saa ya kazi, kwa asilimia 13 hivi. Kremer alipopata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, sehemu ya kazi iliyotambuliwa ilikuwa imefanyika kwenye viwanja vya shule hizi zetu za vumbi.

Dawa ile iliwafikia watoto kwa sababu walikuwa mahali pamoja, wakihesabiwa kwa majina. Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi ambayo Uganda ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2015, ikiwalenga wasichana wa darasa la nne au wenye miaka kumi. Muuguzi huenda shuleni. Msichana aliye nyumbani anaweza kuipata kwenye kituo cha afya, naam, lakini lazima mtu akumbuke kumpeleka.

Kisha kuna hili zito zaidi. Mara nyingi mwalimu ndiye mtu wa kwanza asiye ndugu anayegundua alama za kipigo mgongoni, au msichana aliyenyamaza ghafla, au mtoto anayesinzia kwa njaa. Mwaka 2018 ofisi ya mtetezi wa watoto ya jimbo la Connecticut, Marekani, ilichunguza watoto waliotolewa shuleni katika wilaya sita ili wasomeshwe nyumbani. Zaidi ya theluthi moja walitoka katika familia ambazo tayari zilikuwa na angalau taarifa moja iliyopokelewa ya kushukiwa kumtesa au kumtelekeza mtoto. Haimaanishi kwamba wazazi wanaofundisha nyumbani ni watesi. Maana yake ni kwamba mtesi naye anaweza kutumia jina hilohilo, na asipokuwepo wa kuuliza, hatujui nani ni nani. Huku kwetu ongeza mtoto mwenye ulemavu anayefichwa chumba cha nyuma. Jirani akiuliza, anaambiwa kuwa anasomea nyumbani.

Mpaka unaongeza shimo ambalo Nairobi na Kampala hawalijui. Mtoto wa Busia asipoonekana shuleni upande huu, jibu la haraka ni kwamba anasoma ng'ambo. Mara nyingi ni kweli: Waganda walivuka kufuata elimu ya msingi bila malipo ya Kenya baada ya 2003, na Wakenya huvuka kwenda shule za Busia ya Uganda na Tororo kufuata karo nafuu. Kwa hiyo chifu wa Kenya hana sababu ya kutilia shaka, na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa la Uganda, hana pia. Nchi mbili zina mifumo miwili ya kuandikisha wanafunzi isiyozungumza, na kati ya mifumo hiyo mtoto anaweza kupotea miaka mitatu bila mtu yeyote kudanganya sana.

Sheria zenyewe hazifanani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inamlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wazazi walioomba masomo ya nyumbani yatambuliwe walishindwa Mahakama Kuu mwaka 2021. Uganda nayo, kwa sheria ya 2008, inataka kila mtoto wa miaka sita na zaidi apate elimu ya msingi. Sidhani jela ndiyo dawa. Mzazi anayemtoa mwanawe kwa sababu ya viboko, ilhali viboko vimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, ana lalamiko la haki, na kumtisha ni kumfanya ajifiche zaidi. Lakini Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 53, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 vinatanguliza maslahi ya mtoto, hata mbele ya uchungu wa mzazi.

Mzazi aliyekwisha kuamua ningemwomba mambo ya kushikika. Mtoto asome kwa sauti mbele ya mwalimu wa shule ya jirani kila muhula, na afanye hesabu za kiwango chake bila msaada. Jina lake lifahamike katika kituo cha afya. Awe na mahali pa kukutana na watoto wasio wa ukoo wake, iwe uwanja wa mpira, madrasa au kwaya. Na mzazi aandikishe mapema kituo cha mtihani, asisubiri mwaka wa mwisho. Anayekataa hata moja kati ya hayo ananipa wasiwasi, hata akiwa na rafu iliyojaa vitabu.

Kwa maofisa wa elimu wa Busia zote mbili na wa Tororo, kazi inaweza kuanza na karatasi. Tangu 2018 lango la Busia ni kituo kimoja cha mpaka, ambapo hati za shehena hukaguliwa na nchi zote mbili chini ya paa moja. Walimu wakuu wa pande zote wana orodha za wanafunzi wanaotoka ng'ambo. Wabadilishane orodha hizo mwanzoni mwa kila muhula, kisha naibu wa chifu upande huu na mwenyekiti wa LC upande ule waende nyumba kwa nyumba kuwatafuta wanaosemekana kusoma ng'ambo na majina yao hayamo.