Kifaranga Asisaidiwe Kabla ya Saa Yake

Likizo ya Agosti mwaka jana, nyumbani kwa mama yangu huko Tetu, Nyeri, nilimwua kifaranga kwa huruma. Yai moja chini ya kuku wa kienyeji lilikuwa na tundu dogo tangu alfajiri, na kufikia adhuhuri halikuwa limepasuka zaidi. Mpwa wangu, mwanafunzi wa Gredi ya Tano, alitega sikio akasikia mlio hafifu. "Mjomba, msaidie, atafia humo!" akanisihi. Nami, msomi mwenye shahada tatu, nikalibandua ganda kwa ukucha. Damu ikachuruzika. Jua lilipotua, kifaranga alikuwa amekufa. Mama alinitazama, kisha akasema, "Hakuwa amekwama, mwanangu. Alikuwa akipumzika."

Kauli hiyo ilinirudisha kwenye taaluma yangu. Katika Kiswahili, kuku huangua, kifaranga huanguliwa. Kitenzi hicho hicho ndicho tunachotumia kwa nazi: mkwezi huiangua, nayo huanguka pasipo kufanya lolote. Sarufi basi humweka kifaranga katika kauli ya kutendwa, na yamkini ndiyo sababu tunamdhania mzigo wa kutolewa. La hasha! Kazi kubwa ni yake mwenyewe.

Yai la kuku huchukua takriban siku 21. Mwishoni mwa muda huo kifaranga hutoboa kwanza utando wa ndani, akaingiza mdomo katika nafasi ya hewa iliyo upande mnene wa yai, akaanza kupumua kwa mapafu. Kisha hulitoboa ganda kwa kijino kigumu kilichoota kwenye ncha ya mdomo. Baada ya hapo hutulia, mara nyingi kwa saa 12 hadi 24. Utulivu huo si uvivu. Ndio wakati anapovuta tumboni masalio ya kiini, chakula kitakachomtosha siku mbili tatu, na damu iliyomo katika mishipa ya utando inaporejea mwilini. Ndipo huzunguka akilikata ganda, kisha husukuma kwa miguu. Nilipolibandua ganda lile, niliikata mishipa ambayo ilikuwa ingali hai.

Je, hapana msaada wowote? Upo, lakini mwingi wake hutangulia. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huku ni kali. Kuku anayeatamia apewe kiota kikavu kisichopitisha upepo. Kwa anayetumia mashine yenye feni, iwe Karatina, iwe Nanyuki, joto lidumu kwenye nyuzi 37.5 hivi za Selsiasi. Kuanzia siku ya 18 mayai yasigeuzwe tena, unyevu uongezwe, na mlango usifunguliwe ovyo, kwani hewa kavu huukausha utando ukamgandama kifaranga.

Zikipita saa 24 tangu tundu litokee bila maendeleo, na utando umekauka, hapo mkono waweza kuingilia. Lainisha utando kwa pamba iliyochovywa katika maji vuguvugu, ukiepuka mdomo na pua. Bandua ganda vipande vidogo vidogo, upande wa nafasi ya hewa tu. Ukiona damu, acha mara moja, urudishe yai penye joto. Umalizio mwachie mwenyewe.

Walimu wenzangu, tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa nchini mwaka 2019, malalamiko yamesikika kwamba kazi za watoto hufanywa na wazazi. Darasani nako, mwanafunzi akinyamaza kidogo baada ya swali, aghalabu mwalimu hulijibu mwenyewe. Nimefanya hivyo miaka mingi katika mihadhara yangu, nikidhani kila kimya ni ujinga. Wahenga walinena kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Sikuwahi kuliwaza neno hilo mbele ya darasa.

Mwezi wa Desemba kuku yule aliatamia tena. Safari hii mpwa wangu aliandika katika daftari lake: "Tundu, saa moja asubuhi. Kutoka, saa kumi na moja alfajiri ya kesho yake." Mimi sikuruhusiwa kugusa chochote.