Mshikio Unaofuata Mkono wa Mtumiaji



Kamati za sharika hununua au kutengenezesha vifaa vingi vinavyoshikwa kwa mkono: majembe, magongo ya kutembelea, mipini ya pampu za maji. Swali la kwanza huwa ni bei. Swali la nani atakayekishika kifaa, na mkono wake ukoje, mara nyingi huachwa hadi mwisho. Katika toleo hili tumechagua mfano kutoka mbali kidogo, yaani mshikio wa mbele wa kifaa cha mchezo wa kurushiana rangi. Kazi ya kuubuni ni ndogo, na hatua zake zinaonekana wazi.

Chimbuko la kifaa

Kifaa hiki hakikuanzia kwenye mchezo. Kampuni ya Nelson Paint ya Michigan, Marekani, iliyotengeneza rangi za kuwekea miti alama, ilikihitaji kwa ajili ya mabwana misitu na wafugaji, ili waweke alama kwenye mti au ng'ombe kwa mbali. Kampuni ya Daisy ilikiunda, kikaitwa Nel-Spot 007. Tarehe 27 Juni 1981 watu 12 walikitumia kuchezea katika msitu wa Henniker, New Hampshire. Mshindi, Ritchie White, alikuwa mtu wa misitu, naye alikusanya bendera zake bila kufyatua hata mara moja.

Kifaa cha wakati ule kilikuwa kifupi kama bastola. Vingi vya sasa ni virefu na hushikwa kwa mikono miwili: wa nyuma hufyatua, wa mbele hubeba uzito na kuelekeza mtutu. Kidonge cha rangi kina kipenyo cha milimita 17 hivi, na viwanja vingi haviruhusu mwendo unaozidi mita 91 kwa sekunde. Kwa mwendo huo kidonge kinaweza kupofusha jicho, ndiyo maana kinyago cha macho na uso ni lazima. Mshikio wa mbele usipokaa vizuri, mkono huchoka na mtutu huyumba. Mwenye mkono mdogo, mwenye baridi yabisi au aliyepoteza vidole huumia zaidi, kwa kuwa mshikio wa dukani haukupimwa kwake.

Hewa kwanza

Kabla ya kupima chochote, toa vidonge vyote, ondoa mtungi wa hewa, kisha achia hewa iliyobaki huku umevaa kinyago na mtutu ukielekea mahali salama.

Halafu chunguza mshikio uliopo. Katika vifaa vingi, kile kinachoonekana kama mpini ni regyuleta inayopitisha hewa. Mitungi ya hewa hujazwa hadi bar 200 au 300. Ingawa mtungi wenyewe hupunguza msukumo huo, hewa inayofika mbele bado ni mara nyingi ya ile ya tairi la gari dogo, ambayo ni bar 2 hivi. Sehemu hiyo isitobolewe, isikerezwe, wala isibadilishwe na ya mbao au plastiki. Kinachoruhusiwa ni kuivalisha ganda la nje. Fundi wa mshikio ashughulike na kinachobeba mkono, kinachobeba hewa akiache kama kilivyo.

Kupima mkono

Mtumiaji asimame kama anavyocheza, avae glavu zake, afumbe macho na kuinua kifaa. Mahali mkono wa mbele unapotua pawekwe alama ya chaki. Kiwiko kikunjike kidogo, kifundo cha mkono kinyooke, na mkono ubaki nyuma ya mdomo wa mtutu.

Kuhusu ukubwa, mwongozo wa vifaa vya mkono uliotolewa mwaka 2004 na taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia usalama na afya kazini, unapendekeza kipenyo cha milimita 32 hadi 51 kwa kazi za nguvu, na urefu usiopungua milimita 100 hivi. Vipimo hivyo ni mahali pa kuanzia. Anayeshindwa kubana vidole apewe mshikio mnene zaidi, usioteleza. Aliyepungukiwa vidole awekewe kingo pana chini ili mkono usiteleze. Aidha, mwongozo huo unatahadharisha kuhusu mifereji ya vidole, kwa sababu mfereji uliochongwa kwa mkono mmoja huuma mkono mwingine. Kama kifaa kitatumiwa na wengi, acha uso wake laini.

Mfano wa bei nafuu

Fungia udongo wa mfinyanzi kwenye kijiti, mtumiaji aubane, auache, aubane tena. Alama za vidole zitaonyesha panapozidi na panapopungua. Rekebisha hadi aseme anaridhika, ndipo uchukue vipimo. Udongo ukikosewa hufinyangwa upya bila gharama. Mbao ikikosewa imepotea.

Kutengeneza na kujaribu

Kwa mbao ngumu, chonga nusu mbili, zibane kwa bolti, maliza kwa tupa na msasa. Kwa printa ya 3D, kumbuka kwamba kitu hujengwa tabaka juu ya tabaka, na hukatika kwa urahisi pale tabaka zinapokutana. Ulaze mshikio unapochapwa ili tabaka zifuate urefu wake. Plastiki ya PLA hulainika karibu na nyuzi 60 za Sentigredi, hivyo haifai kuachwa ndani ya gari juani. PETG huhimili hadi karibu nyuzi 80.

Vifaa vingi vina reli ya aina ya Picatinny, ambayo jeshi la Marekani liliipa kipimo rasmi mwaka 1995. Upana wake ni milimita 21 hivi, na mapengo yake hufuatana kila milimita 10. Bolti ipite ndani ya pengo ili mshikio usisogee mbele na nyuma.

Kabla ya kwenda uwanjani, bana mshikio kwenye jiliwa na kuutundikia ndoo ya maji ya lita 10 kwa dakika kadhaa. Ukipasuka au kulegea, ni afadhali iwe mezani kuliko mkononi mwa mtu.

Hitimisho

Katika kazi yote hii, kilichogharimu kidogo zaidi ni udongo na muda wa kumsikiliza mtumiaji, na ndicho kilichoamua kama mshikio utafaa. Tunazihimiza kamati, kabla ya kuidhinisha ununuzi wa vifaa vya mkono kwa jumla, ziwaite walengwa wachache wenye mikono tofauti, wakiwemo wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, wavishike kwanza. Wafadhili nao tunawaomba wasione muda huo kuwa ni ucheleweshaji wa mradi.