Bima ya meno kwa jamaa zetu wa Laeken: nini hasa kinalipwa?

Laeken, kaskazini mwa Brussels, historia yetu inaijua. Mfalme Leopold II, aliyemfanya Tippu Tip wetu liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, alikuwa na kasri lake huko. Leo jamaa wanaohamia huko kutoka Ghuba au pwani huanza na suala dogo zaidi: jino likiuma, nani analipa?

Sisi wa Ghuba tumezoea kadi ya bima inayotoka kwa mwajiri, na meno mara nyingi huwa nyongeza yenye kikomo chake. Ubelgiji sivyo. Kila mkaazi hujiunga na mfuko wa bima ya afya, uitwao mutualité kwa Kifaransa na ziekenfonds kwa Kiholanzi. Mifuko ni mingi, lakini fedha inayorejeshwa kwa mujibu wa sheria ni ile ile kote, kwa hivyo usihangaike kutafuta mfuko "unaolipa zaidi" kuziba jino. Hata mfuko wa serikali, CAAMI, usiotoza mchango wa ziada, hulipa hivyo hivyo.

Kinachotofautiana ni daktari. Aliyetia saini mkataba na mifuko hutoza bei rasmi. Asiyetia saini hujipangia bei yake, mfuko hurejesha kiasi kile kile, na kilichobaki ni juu yako. Uliza kabla hujakaa kwenye kiti.

Watoto wasiotimia miaka 18 hutibiwa meno bure kwa daktari aliyetia saini, isipokuwa waya za kunyoosha meno. Hapa ndipo wazee wengi hupoteza haki: kwa matibabu ya kawaida ya waya, ombi lifike kwenye mfuko kabla mtoto hajatimiza miaka 15. Aliyehamia na kijana wa miaka 14 asingoje skuli ifunguliwe.

Kwa watu wazima kuna sharti lililoanza 2016. Usipoonana na daktari wa meno mwaka uliotangulia, mwaka huu unarejeshewa kidogo zaidi. Yaani anayengoja mpaka aumwe ndiye anayelipa zaidi.

Kofia ya jino na daraja hazimo kabisa katika bima ya lazima, na jino la kupandikiza kwa watu wengi vile vile halimo. Hapo ndipo bima ya nyongeza inapouzwa, na mifuko wenyewe au makampuni. Soma mambo mawili kabla ya bei ya mwezi: kipindi cha kusubiri, ambacho huweza kuwa miezi sita au mwaka kwa kazi kubwa, na kikomo cha mwaka, ambacho mara nyingi huwa kidogo mwaka wa kwanza na kupanda baadae. Mwenye jino lililokwisha kuoza asitaraji kununua leo na kulipwa kesho. Mwenye meno mazima anayesafishwa mara moja kwa mwaka pengine haihitaji.

Mwenye kipato kidogo aulize mfukoni mwake kuhusu hadhi iitwayo BIM, maana humpa marejesho makubwa zaidi. Wengine huipata bila kuomba, wengine lazima wajaze fomu.