Je, Wajua? Kipimo cha haraka cha VVU hakitafuti kirusi chenyewe

Tone la damu linalochukuliwa kwenye ncha ya kidole halichunguzwi ili kukiona kirusi. Kipimo cha haraka kilichozoeleka hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya kuvamiwa, na askari hao huchukua wiki kadhaa kufikia kiwango cha kuonekana. Ndiyo maana anayepima siku ya tano baada ya tukio la hatari huona mstari mmoja, yaani jibu hasi, usiomthibitishia lolote kuhusu tukio hilo. Wapo wanaosema basi vipimo ni vya uongo. Sivyo; mtu huyo amepima mapema mno. Siku 90 zikipita bila hatari mpya wala kutumia dawa za ARV, jibu hasi ni la kuaminika, na kurudia kila wiki huongeza mateso ya moyo tu. Na jibu chanya la makosa? Hutokea kwa nadra, na kwa sababu hiyo tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana VVU. Lakini kama hatari ilitokea jana, usihesabu siku 90: nenda kituo cha afya leo uulizie dawa za kinga, PEP, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72.