Tuzo Bila Kazi ni Pambo

Chanda chema huvikwa pete. Kwa hiyo tunaunga mkono kwa moyo wote utaratibu wa Serikali wa kuwashindanisha wabunifu na kuwatuza. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani MAKISATU, yalianzishwa mwaka 2019, na mlango wake ukafunguliwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, kwa mtafiti wa chuo kikuu, na kwa fundi wa mtaani pia.

Mlango huo ni wa haki. Ndugu zetu wa visiwani, wanaoijua bahari, watauelewa mfano huu. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilitangaza tuzo ya hadi pauni 20,000 kwa atakayewawezesha mabaharia kujua, wakiwa katikati ya bahari, wamefika wapi mashariki au magharibi. Wataalamu wa falaki walilitafuta jibu mbinguni. Likatoka kwa John Harrison, seremala aliyejifunza mwenyewe kutengeneza saa. Hata hivyo alizungushwa mpaka mwaka 1773, akiwa na umri wa miaka 80, ndipo Bunge likamkamilishia malipo. Mafunzo ni mawili: akili haina daraja, na mshindi asizungushwe.

Sasa tutazame hapa kwetu Pwani. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, imekatwa kwa miaka mingi ili wakazi wa Dar es Salaam wapate mkaa. Jirani yake, Kibaha, ina Shirika la Elimu, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, lenye shule na chuo cha maendeleo ya wananchi. Tatizo liko huku, mafunzo yako kule.

Basi halmashauri za pande hizi mbili zitangaze shindano moja lenye swali moja: ni jiko gani litakaloivisha maharage ya shule kwa mkaa au kuni chache kuliko yote? Nishati ipimwe kwa mizani hadharani. Waamuzi wawe mafundi pamoja na kina mama wanaopika. Matokeo yatangazwe siku hiyo hiyo.

Lakini cheti hakipunguzi hata gunia moja la mkaa. Mshindi apewe kazi ya kutengeneza majiko ya shule zetu, na fedha zake zitengwe kabla shindano halijatangazwa. Afisa atakayepiga picha na mshindi, kisha akafunga jalada, atakuwa ameshiriki kuuteketeza msitu.

Viongozi wetu, swali mnalo na mafundi mnao. Tangazeni, pimeni, nunueni.