Okonkwo na Kigego wa Usambara

Kitabu cha Chinua Achebe kilichotoka mwaka 1958, ambacho Clement Ndulute alikitia katika Kiswahili mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo, husomwa na wengi kama habari ya mila zilizovunjwa na wageni. Lakini msomaji aliyelelewa katika milima ya Lushoto, aliyesikia tangu utotoni habari za Mbegha na mji wa Vuga, hana budi kusita mapema zaidi, kabla mmisionari wa kwanza hajatia mguu Umuofia, kwao Okonkwo, katika sura ile anapouawa Ikemefuna, kijana aliyelelewa naye.

Kijana yule alitembea katikati ya wanaume wa Umuofia, mtungi wa tembo kichwani, akidhani anarejeshwa kwa mama yake. Alipopigwa panga la kwanza mtungi ulianguka mchangani ukavunjika, naye akamkimbilia Okonkwo akimwita baba, na Okonkwo, aliyekwisha kuonywa na mzee Ezeudu asitie mkono katika jambo hilo, akachomoa panga lake akammaliza, kwa kuwa alichelea kuitwa mnyonge. Msiba wenyewe ndio huo. Mzimu uliagiza kijana auawe, haukuagiza auawe na aliyemlea; sahibu yake Obierika, naye mtu wa daraja, alibaki nyumbani siku ile na heshima yake haikupungua hata chembe.

Nasi tunacho kisa cha mtoto aliyehukumiwa na ada. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, asimulia kwamba Mbegha wa Ngulu alikuwa kigego, aliyeota meno ya juu kwanza, na mtoto wa namna hiyo alipaswa kuuawa asije akawaletea jamaa zake nuhusi. Wazazi wake wakamnusuru. Walipofariki, jamaa walimnyima urithi wakamtwika lawama ya mauti yaliyoingia katika ukoo, naye akatoka na mbwa wake, akiwinda nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia wenyeji nyama, hata akafika Usambara, akaua simba, na watu wa Vuga wakamtawaza kwa jina la Simba Mwene.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni ngano ya watawala Wakilindi, wazao wa Mbegha, iliyotungwa kuupamba ukoo wao, na pengine wasema kweli. Lakini watawala wangeweza kujichagulia asili iliyotakata kuliko hiyo, nami nastaajabu, tena kwa mapenzi makubwa, kwamba Wakilindi hawakuona haya kukiri kuwa babu yao alikuwa mtoto wa kutupwa.

Okonkwo nampa huruma yangu yote, kwani aibu ya baba yake Unoka, aliyekufa na madeni, ilimtia hofu asiyopata kuipoza. Alipojinyonga, mila ile ile aliyoitetea iliwakataza watu wake kuigusa maiti yake, Obierika akalazimika kuwaomba wageni wamzike. Ilhali kifo cha Mbegha, aliyenyimwa hata fungu lake la urithi, wazee wa Vuga walikificha kwa siri kuu mpaka mwanawe Bughe alipoletwa kutoka Bumbuli kushika kiti chake.